Kompyuta ya Mezani Inapozeeka: Kipi Kibadilishwe Kwanza?

Kompyuta ya mezani haizeeki yote kwa siku moja. Kama ilivyo baiskeli, ambayo mipira yake hulika mapema na fremu yake ikadumu miaka mingi, kompyuta nayo ni mkusanyiko wa viungo ambavyo kila kimoja kina umri wake. Hata hivyo, kompyuta inapoanza kufanya kazi kwa kusuasua, mara nyingi husemwa tu kwamba "imezeeka", na shauri linalotolewa huwa moja: inunuliwe mpya. Shauri hilo huweza kuwa sahihi; lakini pale fedha zilipo chache, kulifuata bila kupima kwanza ni kuzipoteza.

Ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari yenye kompyuta 12 zilizonunuliwa mwaka 2014. Kila moja huchukua zaidi ya dakika 3 tangu iwashwe hadi iwe tayari kwa kazi, na kila programu inapofunguliwa husubiriwa tena. Fedha zilizopo zinatosha kununua kompyuta mpya 2. Darasa lina wanafunzi 40. Zikinunuliwa hizo 2, na zile 12 zikawekwa stoo, wanafunzi 20 watazunguka kompyuta moja. Wawili watatu watashika kibodi, na waliobaki watakuwa watazamaji. Lakini zikitengenezeka zote 12, kila kompyuta itahudumia wanafunzi 3 au 4. Kwa hiyo swali hili si la ufundi peke yake. Ni swali la nani atajifunza kwa mikono yake, na nani ataangalia kwa macho tu.

Viungo vitatu vinavyotegemeana

Ili ijulikane ni kipi kilichozeeka, hapana budi kwanza zieleweke kazi za viungo vitatu: prosesa, kumbukumbu ya RAM na diski. Kazi ya viungo hivi yafanana na kazi ya jiko la shule. Prosesa ni mpishi. RAM ni meza iliyo mbele yake, ambapo huwekwa vitu anavyovitumia wakati huo. Diski ni ghala, mahali panapohifadhiwa kila kitu hata moto unapozimwa. Mpishi hawezi kupika kilichomo ghalani. Sharti kwanza kiletwe mezani.

Sasa, kama ghala liko ng'ambo ya uwanja na mtumwa wa kuchukua vitu hutembea polepole, kuajiri mpishi hodari zaidi hakutaharakisha chakula. Mpishi huyo hodari atakaa bure akisubiri chumvi. Vilevile, kama meza ni ndogo mno, itabidi sufuria zirudishwe ghalani na kuletwa tena kila mara. Hivyo ndivyo inavyotokea katika kompyuta yenye RAM ndogo: meza inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya vitu vyake kwenye diski, kisha huvirudisha vinapotakiwa. Kompyuta haisimami, lakini husuasua.

Prosesa haijazeeka kama idhaniwavyo

Wengi hudhani kwamba prosesa ndiyo inayozeeka haraka kuliko vyote. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Mwaka 1993 prosesa ya kwanza ya Pentium ilikuwa na kasi ya mapigo milioni 60 kwa sekunde, yaani megahezi 60. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifikia gigahezi 3.8, ambayo ni zaidi ya mara 60 ya kasi ile. Katika miaka hiyo, kompyuta ya miaka 5 ilikuwa kikongwe kweli.

Tangu hapo hali ilibadilika. Kadiri mapigo yalivyoongezeka, ndivyo joto lilivyozidi ndani ya kipande kidogo cha silikoni, hata ikawa vigumu kuliondoa. Kwa sababu hiyo, watengenezaji waliacha kukimbilia mapigo peke yake, wakaanza kuweka prosesa mbili, nne au zaidi ndani ya kipande kimoja, na kuifanya kila moja itende kazi zaidi katika kila pigo. Maendeleo yaliendelea, lakini si kwa mruko ule wa awali. Matokeo yake ni kwamba prosesa ya mezani ya mwaka 2014 yenye mapigo ya gigahezi 3 bado ina nguvu ya kutosha kuandika barua, kupiga hesabu za majedwali, kujifunzia lugha za programu na kusoma kurasa za intaneti. Mara nyingi mpishi bado ni mzima. Lililo mbali ni ghala.

Hesabu ya diski inayozunguka

Diski ngumu ni chombo chenye asili ya kale. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na uwezo wa kuhifadhi herufi zipatazo milioni 5. Tangu siku hizo ukubwa wake umepungua sana na uwezo umeongezeka mno, lakini namna yake ya kufanya kazi ni ile ile: sahani yenye sumaku huzunguka, na mkono mwembamba huenda na kurudi juu yake ukitafuta mahali pa kusoma.

Muda wa kutafuta huko waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa wastani, mahali panapotakiwa huwa nusu ya mzunguko kutoka mkono ulipo. Hivyo husubiriwa milisekunde 4.2. Kuuhamisha mkono wenyewe huchukua milisekunde zipatazo 9. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila kitu kinachotafutwa.

Muda huo ni mfupi machoni pa binadamu. Lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Vikiwa 12,000, muda wa kutafuta peke yake ni 12,000 mara milisekunde 13, yaani sekunde 156. Hizo ni zaidi ya dakika mbili na nusu, ambazo kwa sehemu kubwa prosesa huwa inasubiri.

Diski za aina ya SSD hazina sahani wala mkono. Hutumia kumbukumbu ya elektroni iitwayo flash, iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba nchini Japani. Kwa kuwa hakuna kitu kinachosogea, kutafuta mahali pamoja huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Vipande vile vile 12,000 huweza kupatikana kwa sekunde 1.2. SSD nazo zina kikomo, kwa maana kila chembe yake huweza kuandikwa idadi fulani tu ya mara. Lakini kwa kazi za kawaida za shule na ofisi, kikomo hicho huchukua miaka mingi kufikiwa.

Kanuni ya Amdahl

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza wazo ambalo leo hujulikana kwa jina lake. Kwa maneno mepesi, wazo hilo lasema hivi: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiuchukua.

Kanuni hii yaweza kutumiwa juu ya kompyuta za shule iliyotajwa. Ikisemwa kwamba kuwaka kwake huchukua sekunde 200, na kati ya hizo sekunde 160 ni za kusubiri diski na 40 ni za prosesa, basi njia mbili zaweza kulinganishwa. Njia ya kwanza ni kuweka prosesa yenye kasi mara mbili: sekunde 40 zitakuwa 20, na jumla itakuwa 180. Pamoja na gharama yote hiyo, kilichookolewa ni sehemu moja tu ya kumi. Njia ya pili ni kuweka SSD. Hata ikichukuliwa kwa tahadhari kwamba diski hiyo ni nyepesi mara 10 tu, sekunde 160 zitakuwa 16, na jumla itakuwa 56. Kompyuta ile ile, yenye prosesa ile ile, itakuwa tayari kabla ya dakika moja kwisha.

Kanuni hiyo hiyo yaonyesha pia kikomo. Hata diski ingekuwa na kasi isiyo na mwisho, zile sekunde 40 za prosesa zingebaki. Baada ya diski kubadilishwa, kiungo kinachofuata kwa uzito kitakuwa kingine, na hapo ndipo fedha zinazofuata zapaswa kwenda, kama bado iko haja.

Kupima kabla ya kununua

Kwa hiyo jambo la kwanza si kwenda dukani bali kupima. Katika kompyuta yenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha ni asilimia ngapi ya prosesa, ya RAM na ya diski inayotumika. Katika Linux, amri ya top huonyesha hali ya prosesa na ya RAM. Kompyuta na itazamwe ikiwa katika kazi zake za kila siku, hasa inapowaka na inapofungua programu.

Iwapo diski yaonyesha asilimia 100 na prosesa asilimia 15, ugonjwa uko kwenye diski. Iwapo RAM imejaa kwa zaidi ya asilimia 90 na diski nayo haitulii, meza ni ndogo na RAM haina budi kuongezwa. Iwapo prosesa ndiyo iliyofikia asilimia 100 kwa muda mrefu, hapo ndipo ichunguzwe prosesa yenyewe, pamoja na joto lake na programu zinazoilemea bila sababu.

Katika kununua RAM, hapana budi kuzingatia aina. Kompyuta nyingi za mwaka 2014 hutumia aina ya DDR3, ambayo kwa kompyuta ya mezani ina pini 240 na hutumia umeme wa volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Pengo lililo katika ukingo wa kila aina limewekwa mahali tofauti ili moja isiingie penye nafasi ya nyingine, na kuilazimisha ni kuivunja. Aidha, bodi kuu ya kila kompyuta ina kiasi cha juu cha RAM inachoweza kupokea, na kiasi hicho kijulikane kabla fedha hazijatolewa.

Magonjwa yanayofanana na uzee

Yapo matatizo mengine ambayo huchukuliwa kuwa uzee, ilhali tiba yake ni ya bei ndogo au haina bei kabisa.

La kwanza ni vumbi. Vumbi likiziba feni na mapezi ya kupoza, joto la prosesa hupanda, nayo hujipunguzia mapigo ili isiungue. Mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito, hasa wakati wa mchana wenye joto. Kuisafisha kwa brashi laini, na kubadilisha uji wa kupitisha joto uliokauka kati ya prosesa na kipozeo chake, huweza kuirudishia kasi yake. Joto pia hufupisha maisha ya kapasita za bodi kuu. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita za namna hiyo hupungua kwa nusu. Kapasita iliyovimba kichwani ni dalili kwamba bodi yenyewe inakaribia mwisho.

La pili ni betri ndogo ya bodi kuu, yenye umbo la sarafu na umeme wa volti 3. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Kwa kuwa vyeti vya usalama vya kurasa za intaneti huwa na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kurasa nyingi hukataa kufunguka, na kompyuta huonekana kuwa mbovu. Tiba ni betri nyingine.

Kabla ya kufungua kompyuta, waya wa umeme uchomolewe, na mkono uguse chuma kisicho na rangi cha sanduku ili umeme tuli uondoke. Lakini kisanduku cha kugawia umeme kisifunguliwe kabisa na asiye fundi, kwa sababu kapasita zilizomo huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Mfumo endeshi nao huzeeka

Upo uzee mwingine usiohusu vyuma. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa ajili ya Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki, lakini kila kasoro mpya inayogunduliwa hubaki kuwa mlango wazi kwa virusi na wezi wa taarifa. Taasisi zaweza kununua nyongeza ya masahihisho kwa muda usiozidi miaka 3, na huo ni muda wa kujipanga tu. Windows 11, kwa upande wake, hutaka kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa zilitolewa tangu mwishoni mwa mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2014 haitimizi masharti hayo, hata ikiwa na SSD na RAM ya kutosha.

Njia iliyobaki ni Linux, mfumo ambao Linus Torvalds wa Finland aliuanzisha mwaka 1991 na ambao hutolewa bure. Yako matoleo mepesi, kama vile Lubuntu na Linux Mint yenye sura ya Xfce, yanayofaa kompyuta za umri huo. Programu ya LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, hufanya kazi za kuandika na za majedwali. Wazo la kuzitumia programu huru katika mazingira ya Afrika ya Mashariki si geni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice. Hata hivyo mwalimu sharti ahakikishe kwanza kwamba programu zinazotakiwa na muhtasari wa somo zaweza kutumika katika Linux. Kama haziwezi, uamuzi mzima hubadilika.

Wakati wa kununua

Zipo hali ambazo kutengeneza ni kutupa fedha. Bodi kuu iliyoharibika ni mojawapo. Nyingine ni prosesa ya biti 32. Prosesa ya namna hiyo kwa kawaida huweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ambazo ni sawa na gigabaiti 4 tu. Tena programu nyingi mpya, pamoja na matoleo mengi ya Linux, hazitengenezwi tena kwa ajili yake. Hali ya tatu ni bodi isiyoweza kupokea zaidi ya gigabaiti 2 za RAM.

Inapobidi kununua, si lazima kinunuliwe kila kitu. Kioo, kibodi na kipanya vilivyo vizima vibaki, na libadilishwe sanduku peke yake. Ni vema tu kuangalia waya: vioo vingi vya zamani hutumia kiungio cha VGA, kilichotoka mwaka 1987, ilhali masanduku mengi mapya hayana kiungio hicho na huhitaji kigeuzi.

Kompyuta za mezani zilizotumika maofisini huuzwa kwa bei nafuu, na nyingi bado ni imara. Lakini rahisi huweza kuwa ghali. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe kuiwasha. Iangaliwe mwaka wa prosesa, aina ya RAM na idadi ya saa ambazo diski imefanya kazi, kwa kuwa diski zenyewe huweka hesabu ya saa hizo. Kompyuta ya mkono wa pili isiyoweza kupokea mfumo endeshi wa sasa haina nafuu yoyote kuliko ile iliyoko shuleni tayari.

Umeme nao uingizwe katika hesabu. Kompyuta ya zamani itumiayo wati 80, ikifanya kazi saa 6 kwa siku katika siku 200 za mwaka, hutumia uniti 96 za umeme. Kompyuta ndogo ya kisasa ya wati 20 hutumia uniti 24. Tofauti ni uniti 72 kwa mwaka. Mwanafunzi akizidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti moja mahali alipo, kisha akaigawa bei ya kompyuta kwa jibu atakalopata, ataona ni miaka mingapi itapita kabla umeme uliookolewa haujailipia kompyuta. Mara nyingi miaka hiyo ni mingi. Lakini kwa shule inayotegemea umeme wa jua, hesabu ni nyingine: kompyuta 12 za wati 80 hutaka wati 960 kwa wakati mmoja, na za wati 20 hutaka wati 240 tu.

Kinachoachwa nyuma

Kompyuta iliyostaafu isiachwe ovyo. Diski yake huenda ina alama za mitihani na taarifa za wanafunzi, na kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa jina lake tu, si yaliyomo. Ndani ya vifaa vya zamani kuna risasi na vitu vingine vyenye sumu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za umeme na elektroni, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Kila kompyuta inayoongezewa miaka ya kufanya kazi ni moja iliyocheleweshwa kuingia katika lundo hilo.

Mpangilio unaofaa, basi, ni huu: kupima, kusafisha, kuongeza RAM au kubadili diski, kuweka mfumo endeshi unaofaa, na mwisho kabisa kununua. Ile shule yenye kompyuta 12 na ianze na moja. Isafishwe, iwekewe SSD na mfumo mpya, na muda wake wa kuwaka upimwe kwa saa kabla na baada ya kazi hiyo, wanafunzi wenyewe wakiandika matokeo. Kama sekunde 200 zitakuwa 60, fedha zitajua pa kwenda. Kama hazitapungua, shule itakuwa imepoteza bei ya diski moja, ambayo yaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine, wala haitakuwa imepoteza bajeti ya mwaka mzima.